Baada ya turubai kukunjwa: msaada wa kisaikolojia na kijamii unapangwaje mtaani?

Maafa makubwa yakitokea Dar es Salaam, siku mbili tatu hazipiti kabla hujasikia kwenye taarifa ya habari kwamba wataalamu wa saikolojia wamepelekwa eneo la tukio. Tangazo hilo huwafariji wasikilizaji, na si vibaya. Lakini uliza wataalamu hao wanakwenda kumsaidia nani, kwa kufanya nini, kwa muda gani, na nani atabaki na kazi wakishaondoka. Hapo majibu huanza kuyumba. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaotoa maagizo, wakisikia msaada wa kisaikolojia wanaona viti viwili chumbani, kimoja cha mnasihi na kingine cha anayelia. Kazi ya namna hiyo ipo, ila ni kipande kidogo, na wanaoihitaji ndio wachache kuliko wote. Kilichobaki ni kikubwa mno na hufanyika uani, shuleni, msikitini, kanisani, kwenye kikao cha kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, na chini ya turubai la msiba. Hicho ndicho mipango yetu huwa inakisahau.

Jiji hili halina uhaba wa maafa ya kujifunzia. Agosti 7, 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani na kuua watu 11. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha za jeshi yalilipuka Mbagala, na Februari 16, 2011 yakalipuka mengine Gongo la Mboto. Desemba ya mwaka huo wa 2011 mvua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu 1954 ililijaza bonde la Msimbazi na kuua watu wapatao 40. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Novemba 16, 2024 ghorofa lenye maduka lilianguka Kariakoo hiyohiyo, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na kuua watu zaidi ya 20. Katikati ya hayo yote yapo mafuriko ya masika, ambayo mtu wa bondeni huyahesabu kama sehemu ya kalenda.

Matukio haya hayafanani kwa namna yanavyomwumiza mtu. Wa Mbagala walikimbia mlipuko wasioujua, wengine wakipotezana na watoto njiani. Moto wa soko uliunguza mitaji, na mfanyabiashara aliyekuwa na mkopo alibaki na deni bila bidhaa. Kariakoo ya 2024 ndugu walisimama nje ya kifusi siku baada ya siku, huku baadhi ya waliofukiwa wakiweza kuwasiliana na walio juu. Aliyefurikiwa naye hana pa kukimbilia: anarudi kwenye chumba kilekile, anakwangua tope ukutani, halafu anaanza kusubiri mvua nyingine. Mpango mmoja ulioandikwa ofisini na kunakiliwa kwa matukio yote manne hautamfaa hata mmoja wao.

Wengi hupoa, na hilo ndilo la kuanzia

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu kila mtu aliyepitia dharura kubwa hupata dhiki ya aina fulani: usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, hasira za ghafla, kulia, kukosa hamu ya chakula, kushtuka pancha ikipasuka barabarani. Kwa walio wengi hali hiyo hupungua yenyewe kadiri siku zinavyokwenda, mradi wapo salama, wana watu wao na maisha yanarudi kwenye mstari. Shirika hilohilo linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano huwa na tatizo la afya ya akili kama sonona, wasiwasi uliokithiri au kiwewe cha kudumu. Takwimu hiyo ni ya vita, haihusu mafuriko ya Jangwani kwenye bonde la Msimbazi, lakini hata huko kwenye vita wanne kati ya watano hawaangukii humo.

Kutokana na hilo, madaktari hawamwiti mtu mgonjwa wa kiwewe cha kudumu kabla dalili hazijadumu kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mama anayeshtuka na kulia siku ya nne baada ya nyumba kuanguka haumwi. Mwili na akili yake vinafanya kile vinachotakiwa kufanya baada ya hatari. Kumpachika jina la ugonjwa siku hiyo ni kumwongezea mzigo. Kumpa vidonge vya usingizi aina ya diazepam ili atulie pia si suluhisho, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inashauri dawa za kundi hilo zisitumike kutuliza dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo wapangaji wengi wa misaada hawalijui. Miaka ya 1980 Jeffrey Mitchell wa Marekani, aliyewahi kuwa zimamoto, alianzisha utaratibu wa kuwakusanya waokoaji baada ya tukio baya na kuwapitisha hatua kwa hatua katika waliyoyaona na kuyahisi. Utaratibu ukaenea, ukaanza kutumika kwa kila mtu, mara nyingi kwa kikao kimoja cha siku chache baada ya tukio. Ulionekana wa busara, maana nani asiyejua kwamba kutoa ya moyoni kunasaidia? Watafiti walipokuja kukusanya majaribio na kuyalinganisha, hawakuona kwamba kikao hicho kimoja kinazuia kiwewe, na katika baadhi ya majaribio waliopitishwa humo walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko walioachwa. Kumlazimisha mtu kusimulia kabla hajawa tayari ni kulifungua jeraha na kuondoka. Basi likija kundi lenye fulana zinazofanana, likawakalisha watoto kwenye duara na kuwataka wachore walivyoona nyumba ikianguka, wapige picha na kurudi walikotoka, mwenyekiti wa mtaa ana haki ya kuwazuia, na mimi ningemuunga mkono.

Kinachofaa siku za mwanzo ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wake unaotumika zaidi ulitolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake, na umejengwa juu ya vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Unaangalia usalama na nani yuko taabani. Unasikiliza bila kuchimba. Unamuunganisha mtu na anachokihitaji, iwe ni ndugu yake, maji, taarifa au hospitali. Hauhitaji shahada. Anaweza kuufanya mwalimu, bodaboda, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kijana wa Msalaba Mwekundu, akipata mafunzo ya siku moja au mbili.

Kwa karibu, mazungumzo yenyewe huwa hivi. Kijana wa kujitolea anamkuta mama amekaa kwenye ngazi za darasa lililogeuzwa makazi ya muda.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Pole sana na yaliyowakuta.”

“Tumeshapoa.”

Asiyejua ataandika kwenye fomu yake kwamba mama yuko sawa na kuhamia kwa mwingine. Lakini jibu lile ni la adabu, humpa kila anayepita. Kijana aliyefundishwa vizuri anachuchumaa, anakaa kidogo, kisha anauliza vitu vya kushikika. Usiku ulipata usingizi? Watoto wamekula nini leo? Wote mko nao hapa? Kuna mtu unamtafuta? Mara nyingi swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango, kwa sababu mama ana kaka yake hajapatikana kwenye simu tangu juzi. Kumbe kilichokuwa kinamtesa si kumbukumbu ya maji, ni simu isiyopokelewa. Kijana anachukua jina, anakwenda kwenye orodha ya majeruhi, anarudi na jibu, hata kama jibu ni kwamba bado hajapatikana. Kurudi kwenyewe ni tiba. Anayeahidi kurudi na asirudi ameharibu kuliko ambaye hakuja kabisa.

Piramidi, kwa lugha ya mtaani

Mwaka 2007 kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada ilitoa miongozo ya afya ya akili na msaada wa kisaikolojia na kijamii katika dharura. Ndani yake kuna mchoro wa piramidi wenye ngazi nne ambao mpaka leo ndio msingi wa mipango mingi. Chini kabisa, pana kuliko kote, ni mahitaji ya msingi na usalama. Juu yake ni familia na jamii. Ya tatu ni msaada maalumu kidogo unaotolewa na watu wasio mabingwa. Kileleni ni mabingwa wenyewe. Watu huutazama mchoro huu kama ngazi za kupanda moja baada ya nyingine, wakadhani saikolojia inaanza huko juu, baada ya chakula na maji. Sivyo. Ngazi zote zinakwenda pamoja, na hata ile ya chini ina saikolojia ndani yake.

Chukua ugawaji wa unga na magodoro. Ukiupanga kwa kuwasimamisha watu juani saa tano, kusoma majina kwa kipaza sauti na kuwapiga picha wakiwa wameshika mfuko wenye nembo, umewalisha na kuwadhalilisha kwa pamoja. Ukiwaeleza mapema kitagawiwa nini, lini, kwa kigezo gani na wasiopata leo watapata lini, umewatuliza watu mia tano bila mnasihi hata mmoja. Makazi ya muda yakiwa na choo kisicho na mlango wala taa, wanawake na mabinti hawatalala, na hakuna ushauri nasaha utakaowalaza. Fundi wa komeo anatakiwa kuhesabiwa kama mtoa huduma ya afya ya akili. Nasema kwa utani, lakini si sana.

Ngazi ya pili ndiyo tajiri kuliko zote hapa kwetu. Mtu akifiwa Tandale au Vingunguti, kabla jua halijazama turubai limefungwa, viti vimekodiwa, daftari la rambirambi limefunguliwa na anayeliandika ni mtu anayeaminika. Kina mama wanaingia jikoni, wanaume wanakesha kwenye viti, mfiwa haachwi peke yake hata kwenda kuoga. Siku zinahesabiwa, halafu inakuja arobaini, dua au misa, na mfiwa anapata tena siku ya kulia mbele ya watu bila kuonekana wa ajabu. Wataalamu waliokaa mwaka 2007 kukusanya ushahidi wa kinachosaidia baada ya maafa walitaja mambo matano: kujiona salama, kutulia, kuona kwamba mimi na wenzangu tunaweza kitu, kuwa na watu, na matumaini. Msiba wa Kiswahili unayabeba karibu yote bila kuandikiwa mradi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuuliza maafa yameuvunja wapi utaratibu huo. Watu kumi na wawili wakifa mtaa mmoja siku moja, nani atakwenda msiba wa nani? Fedha za kikundi cha kufa na kuzikana zilitengenezwa kwa vifo vya mwaka mzima, sasa zimeisha kwa siku moja. Mwili usipopatikana je? Meli ya MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, familia nyingi hazikupata mtu wa kuzika. Mfiwa wa namna hiyo hukaa kati ya kungoja na kulia kwa miaka. Msaada hapo haupo kwa mnasihi peke yake. Upo kwa sheikh anayeongoza swala ya ghaibu, kwa padri au mchungaji anayekubali ibada bila jeneza, na kwa ofisi inayotoa cheti cha kifo bila kumzungusha mjane, maana bila cheti hakuna mirathi wala mafao. Ukipanga msaada wa kisaikolojia ukamwacha nje msajili wa vifo, hujamaliza kupanga.

Watoto nao wana la kwao. Usiku wa Gongo la Mboto mwaka 2011 maelfu ya watu walikimbia gizani, wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Kwa mtoto wa miaka sita aliyelala uwanjani na watu asiowajua, huduma iliyo juu ya zote ni kumpata mama. Kuandikisha majina haraka, kuweka sehemu moja inayojulikana ya kukutanisha familia, kutomkabidhi mtoto kwa mtu yeyote anayedai ni mjomba bila kuhakiki, na kutangaza namba ya 116 ya huduma ya simu kwa mtoto: hayo ndiyo matibabu ya usiku huo. Baada yake ni kurudi shule mapema iwezekanavyo, hata kama ni chini ya mwembe, kwa sababu kengele ya saa mbili na daftari la hesabu humwambia mtoto kwamba dunia haijaisha.

Ngazi ya tatu ni ya wale ambao wiki zimepita na hawajainuka. Hapa kuna habari njema kutoka kusini mwa Afrika. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kulipanga tatizo moja baada ya jingine mpaka lipate hatua ya kuchukuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vitano ambao mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa na kuutumia. Dar es Salaam ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaojua kila uchochoro. Wanachokosa ni usimamizi wa karibu: mtu aliyesoma zaidi anayekutana nao kila wiki, anayesikia kesi zilizowashinda na kuwaambia ipi ya kupeleka juu.

Na juu ni hospitali. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa zinapokea wagonjwa. Lakini walengwa wa ngazi hii mara nyingi si wale tunaowadhania. Ni watu waliokuwa wagonjwa kabla ya maafa. Maji yamechukua kadi ya kliniki na vidonge vya kijana mwenye skizofrenia au binti mwenye kifafa, na baada ya wiki mbili bila dawa anarudi nyuma, halafu mtaa unasema amechanganyikiwa kwa sababu ya mafuriko. Wapo pia wanaopata methadoni kwa kuacha heroini. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Msimbazi ukifurika na barabara ya Morogoro ikafungwa Jangwani, kijana wa upande wa pili hafiki kliniki. Siku ya pili anaumwa vibaya. Ya tatu anatafuta heroini. Mpango wa mtaa usiojibu atavukaje umemwacha kando mmoja wa watu walio hatarini zaidi.

Nani hayupo kwenye orodha

Kupanga huanza na kikao, na kikao kizuri huwa cha ovyo kidogo. Weka karatasi ya manila ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, kalamu ya rangi, na watu ambao kwa kawaida hawaketi pamoja: mwenyekiti, mjumbe, afisa ustawi wa jamii wa kata, mwalimu mkuu, imamu na mzee wa kanisa, mwenye kijiwe cha bodaboda, muuza duka la dawa, kiongozi wa kikoba. Usiwaulize nani ana matatizo ya akili. Waulize mtaani hapa mtu akielemewa anamwendea nani. Yatatajwa majina usiyoyatarajia: muuza kahawa, fundi cherehani, bibi mmoja aliyewahi kuwa mkunga. Hao ndio wa kufundishwa kwanza.

Kisha geuza karatasi, uliza nani hatafikiwa na watu hawa. Hapo pana ukimya, halafu mtu anasema “wapangaji”. Nyumba ya Uswahilini ina vyumba sita na familia sita, lakini anayejulikana ofisini mara nyingi ni mwenye nyumba. Tathmini ya uharibifu inapofanyika jina lake ndilo linaloandikwa, hata kama yeye anaishi Tegeta na aliyepoteza godoro, jiko na mtaji ni mpangaji. Nyuma ya mpangaji yuko dada wa kazi ambaye kwao ni Singida na hana ndugu mjini. Yuko machinga anayelala stoo Kariakoo, ambaye ndugu zake hawajui hata jina la ghorofa alilokuwemo. Yuko mlemavu wa viungo aliyeachwa kwenye nyumba ya jamaa. Yuko mwanamume wa makamo anayesema hana shida yoyote na kila jioni anakunywa zaidi ya jana. Hili la wanaume linahitaji akili, kwa sababu ukiita kikao cha kuzungumzia hisia hawatakuja, lakini ukiita cha kuzibua mtaro na kurudisha daraja la miguu watakuja wote, na watazungumza wakiwa na majembe mikononi.

Na waokoaji? Vijana waliochimba kifusi kwa mikono kabla ya Zimamoto kufika, wahudumu wa chumba cha maiti, madereva wa gari la wagonjwa, waandishi wa habari waliopiga picha zisizoweza kurushwa. Wapewe zamu fupi, wafanye kazi wawili wawili, wale chakula cha moto, wapate mapumziko ya kweli na mkubwa wa kazi anayeuliza hali zao na kuvumilia jibu. Kwa upande wa video za miili zinazozunguka kwenye WhatsApp, mtaa una uwezo kuliko tunavyodhani: msimamizi wa kundi akiombwa na mwenyekiti, kwa heshima, kwamba mama wa marehemu yumo humo ndani, nyingi hufutwa.

Saa ya msaada na saa ya shida

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, tumwite Mama Zuhura, mpangaji wa chumba na sebule Kigogo bondeni, muuza chapati na maharage asubuhi. Maji yameingia usiku wa manane mwezi wa nne. Kaokoa watoto na begi la vyeti. Jiko, meza, unga wa mtaji na godoro vimekwenda. Wiki ya kwanza watu ni wengi: shemeji wa Mbagala kaja na masufuria, msikiti umeleta mchele, diwani kapita, kamera zimepita. Ukimuuliza siku hizo atakwambia ana nguvu, na hadanganyi.

Wiki ya tatu madarasa yanatakiwa na wanafunzi, kwa hiyo anarudi chumbani kwenye ukuta uliolowa. Mwezi wa pili baada ya mafuriko, mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, uko mlangoni kila Jumatatu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, kikoba kimesimama kwa sababu wanachama wote wamefurikiwa. Mtoto wa darasa la pili ameanza kukojoa kitandani, na kukiwa na mawingu hataki kwenda shule. Mama halali, na alfajiri moja anajikuta akiwaza afadhali asingeamka. Mwezi huo hakuna turubai wala fulana yenye nembo. Ripoti ya mradi imeshawasilishwa, ikisema watu mia nne wamefikiwa.

Mipango yetu mingi huwa na wiki mbili za kelele, wakati mahitaji yana miezi kumi na miwili. Kama fedha ni kidogo, na siku zote ni kidogo, ningeshauri sehemu ndogo itumike wiki ya kwanza, ambapo watu wana watu, na kubwa ihifadhiwe kwa mwezi wa pili hadi wa sita. Itumike kumlipa nauli mhudumu wa afya arudi kwa Mama Zuhura wiki ya nne, ya nane na ya kumi na mbili. Itumike kukifufua kikoba kwa kianzio kidogo, kwa sababu siku kikoba kikikaa tena, mama anapata mtaji na duara la wenzake kwa mkupuo mmoja. Itumike kumwezesha afisa ustawi kukaa na wakopeshaji kuhusu ratiba mpya ya marejesho, jambo ambalo kwenye makaratasi halionekani la kisaikolojia hata kidogo.

Jiji lenyewe lina somo kuhusu kuwatoa watu kwenye watu wao. Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwapatia viwanja Mabwepande baadhi ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi. Kiusalama, uamuzi ulikuwa na mantiki. Lakini Mabwepande iko mbali na Kariakoo, mbali na genge, mbali na shangazi anayebaki na mtoto na jirani anayekukopesha sukari. Haikuchukua muda mrefu baadhi wakauza au kuviacha viwanja na kurudi mjini, wengine bondeni kulekule, na wapo waliowaita wakaidi. Ukiwatazama kwa jicho la ngazi ya pili ya piramidi, walikuwa wanarudi kwenye riziki na kwa watu wao. Hivi sasa mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi unawahamisha wengine kwa kuwalipa fidia. Kuhama kwa vikundi, majirani wakabaki majirani, kikoba na jumuiya zikahama na watu wake, hakugharimu sana zaidi ya kumtawanya kila mmoja kivyake.

Utajuaje mpango unafanya kazi? Idadi ya waliopewa ushauri nasaha haisemi kitu. Nenda kawaulize watu wa mtaa huo mapema, kabla ya kuanza, mtu aliyepona kwao anaonekanaje. Watakwambia: anafungua genge, anakwenda msibani kwa wenzake, analala mvua ikinyesha, watoto wake wako shule, haongei peke yake njiani. Hivyo ndivyo vipimo. Vihesabu baada ya miezi mitatu na tena baada ya kumi na miwili, kwa wenye nyumba na kwa wapangaji.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini, kwa hiyo mahali pa kuandika haya pameshatengwa. Kwa kata iliyo kando ya Msimbazi, kikao hicho cha karatasi ya manila kinafaa kukaa Januari au Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, na kitoke na vitu vichache: majina na simu za watu ishirini waliofundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, orodha ya wagonjwa wa dawa za kila siku ikiwa mikononi mwa zahanati tu, shule itakayopokea watu ikiwa na komeo kwenye vyoo, njia ya kumvusha mtu wa methadoni Jangwani ikifungwa, na jina la mtu mmoja ambaye kazi yake, mwezi wa tatu baada ya maji kupungua, ni kugonga milango.